Mchawi wa Plastiki Juu ya Ungo wa Mama

Nianze na ndevu, maana ndizo zilizoniudhi kwanza. Ukiniuzia sanamu ya mchawi, ukaandika kwenye boksi lake kwamba si ya watoto bali ni ya watu wazima wanaokusanya sanamu na kuzipanga kabatini, basi ndevu zake zisiwe na mshono wa kiwandani uliopita katikati kuanzia kidevuni hadi tumboni. Huyu alikuwa nao. Rangi ya jicho la kushoto ilikuwa imemwagikia shavuni, ukimtazama upande huo unadhani ameumwa na nyuki. Kofia yake ya ncha ilikuwa nzuri, hilo sibishi. Joho la buluu lilikuwa na mikunjo kama kitambaa kweli. Mkono wa kulia ulipinda kwenye kiwiko bila kulegea, na fimbo aliyoishika ilikuwa na kijiwe cheupe juu. Ukibonyeza chini ya fimbo kijiwe kinawaka, kwa betri ndogo ya saa. Mchawi mwenyewe urefu wake shubiri moja. Nilikuwa nimeshampa alama sita kwa kumi kichwani mwangu kabla sijamaliza kumtoa kwenye plastiki. Mimi ndivyo nilivyo, nahukumu haraka, na mama yangu amenisema kwa hilo tangu nina meno ya utoto.

Kazi yangu ni kuuza madaftari na kalamu kwenye duka dogo la vifaa vya shule hapa Tabora mjini. Haya ya midoli ni mapenzi tu. Utotoni sikuwahi kuwa na mdoli wa dukani. Nilikuwa na gunzi la muhindi nililolivisha kitambaa, na siku panya walipolitafuna nililia mpaka nikapata homa. Basi nilipopata simu yenye kamera nzuri nikaanza kujirekodi nikichambua midoli ya watu: huu imara, huu takataka, huu utamtoboa mtoto jicho. Watazamaji wangu si wengi ila ni wabishi, na nawapenda hivyo hivyo. Duka moja la Dar es Salaam likanisikia, likanitumia huyo mchawi kwa basi ili niwaambie watu ukweli wangu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimefika.

Tunakaa upande wa Kitete, mimi na mama. Mama ni mjane, Mmoravian wa kukata na shoka asiyekosa kanisani, na kwa miaka mingi amekuwa akikaanga maandazi barazani kwa kuni. Si gesi, si mkaa. Anasema andazi la gesi halina akili. Hizo kuni zimemwachia macho mekundu. Mekundu kweli kweli, asubuhi na jioni, hata akiwa anacheka.

Msomaji wa kwetu ameshanielewa. Kwa wa mbali nitasema wazi: huku, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hudhaniwa mchawi, naye huishi kwa kuangalia nyuma. Mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, alikuwa na nyumba yake na shamba lake la karanga kwenye kijiji kimoja huko mbele ya Puge. Macho yake yaliharibiwa na moshi huo huo. Ng'ombe wa jirani walikufa, maneno yakaanza, salamu zikakatika, na asubuhi moja akakuta shimo kama kaburi limechimbwa mbele ya mlango wake. Aliondoka na kanga mbili na sufuria. Hakurudi tena, alifia kwetu, kwenye kitanda ninacholalia mimi leo, na mama alimwosha kwa mikono yake. Tangu hapo mama hakuogopa njaa wala ugonjwa. Aliogopa kitu kimoja tu, siku ambayo watu wangeacha kumwamkia.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Asubuhi ile mwanga ulikuwa mzuri, wa baada ya mvua. Nilitaka picha ya mchawi, na nilitaka asimame juu ya kitu cheupe. Nikauona ungo wa mama, ule anaopangia maandazi mabichi, umenyunyiziwa unga yasigande. Nikauweka chini, nikamsimamisha mchawi katikati, nikausawazisha unga miguuni pake uonekane kama theluji ya nchi za watu. Nikawasha fimbo. Nyuma yake mama alikuwa ameinama anapuliza moto; akageuka kuniuliza natafuta nini, na hapo hapo nikabonyeza. Picha ikatoka safi mno: mchawi juu ya ungo, fimbo inawaka, na nyuma, katikati ya moshi, uso wa mama na macho yake. Nikaitazama kama mchambuzi. Nikaona rangi, nikaona kivuli. Ungo sikuuona! Mimi niliyelelewa kwa habari za wachawi wanaopanda ungo kwenda kula nyama za watu, ungo sikuuona. Nikaiweka picha stetasi na maneno haya: "Mgeni wetu ametua salama." Kisha nikaenda dukani naimba.

Jamani, kuna ujinga wa kuzaliwa nao na kuna wa kujitafutia.

Siku ya kwanza beseni la mama lilirudi ndani na nusu ya maandazi. Tukasema mwezi umekaa vibaya, watu hawana kitu. Siku ya pili yalirudi karibu yote. Siku ya tatu watoto wa shule, ambao kila asubuhi hupita wakiimba "shikamoo bibi" kwa pamoja mpaka mama anachoka kuitikia, walivuka barabara kabla ya kufika kwetu. Wakakimbia. Mama alibaki amesimama na upawa mkononi, marahaba imemkwama kooni.

Siku hizo jirani wa nyumba ya tatu alikuwa na mtoto mchanga mwenye homa, wanampeleka hospitali na kurudi. Mteja aliyekuja kununua gundi ndiye aliyenifungua macho. Alitazama nyuma yake kwanza, kisha akaniinamia. "Dada, ile picha uliyorusha, ifute. Watu wanasema mama yako amepokea kitu, na yule mtoto ndiye wa kwanza." Niliifuta saa hiyo hiyo, lakini wapi! Ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, kila simu inayo.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilibeba boksi, nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaonyesha watu: tazameni, ni plastiki, ina betri, imetoka kiwandani. Mama mmoja aliyekuwa akifua alirudi nyuma hatua tatu.

"Kumbe wanakuja kwenye maboksi," akasema. "Na wengine uliwaweka wapi?"

Nusura nimpige na hilo boksi. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumwangushia ila mimi mwenyewe.

Nikamkuta mama amekaa kitandani. Miguuni pake palikuwa na kifurushi: kanga mbili, Biblia, na sufuria ndogo.

"Mama, unafanya nini?"

"Dada yangu alianza hivi hivi," akasema. "Kwanza salamu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema atakwenda Choma kwa binamu yake wanakofuga, akae huko kidogo mpaka mambo yapoe. Wote wawili tulijua hayapoi. Mtu anayeondoka kwa jambo kama hilo amekiri, na nyumba yake hairudii tena. Nikamshika magoti. "Ngoja hadi Jumamosi," nikamsihi. Sikuwa na lolote la kufanya Jumamosi. Nilikuwa navuta siku tu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi alirudi mtani wetu.

Huyu lazima nimweleze. Bibi wa Kizaramo, mfupi, mnene, sauti ya kunadi mitumba. Alikuja Tabora akiwa kijana, ameolewa na mfanyakazi wa reli. Mume akafa, yeye akabaki, akidai hawezi kurudi Kisarawe ananuka Unyamwezi. Nyumba yake inatazamana na yetu. Yeye na mama hawakuwahi kuamkiana kama watu wenye adabu. "Mpagazi wee, bado u hai?" Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya asubuhi. Na mama, mama yangu huyu ambaye neno "mjinga" halimtoki mdomoni, alimjibu kwa sauti ya mtaa mzima: "Nazi zimeisha kwenu, umekuja kumaliza karanga zetu?" Ndio utani wenyewe. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi pwani, wakapokewa na babu zake, wakazikana na kuuguzana, na tangu enzi hizo Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa ya kuambiana lolote na kunyang'anyana lolote. Kununa ni marufuku.

Alikuwa kwao kwenye arobaini ya ndugu yake, majuma mawili, kwa hiyo mambo yote haya yalimpita. Nani aliyemwambia sijui mpaka leo. Alichofanya nakijua, maana nilikuwapo.

Mbele ya nyumba yetu kuna bomba la maji la mtaa, na Jumamosi asubuhi foleni ya ndoo huwa ndefu. Siku hiyo walikuwapo wote, na wote walikuwa wamesogeza ndoo zao mbali na baraza letu. Bibi akavuka barabara na kanga za safari bado mwilini. Hakutusemesha. Akaingia ndani kwetu kama kwake, nikasikia kabati linafunguliwa, akatoka na ungo kwapani na mchawi mkononi.

"Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Nimetoka Dar kwa basi, jana mchana kutwa, matako yamekufa ganzi, kumbe hapa mna ndege! Mbona hamkuja kunichukua?"

Akaubwaga ungo chini katikati ya foleni, akakunja kanga zake, akaukalia. Na mwili wake wote ule. Mchawi akampakata mbele.

"Rubani, washa!" Akabonyeza fimbo, kijiwe kikawaka. "Nipeleke Kisarawe. Usimame Morogoro nikojoe."

Mtu mmoja mwishoni mwa foleni alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Bibi akajirusha kidogo ili wapae. Akajirusha tena. Ungo ukalia kraa, ukapasuka katikati, na makalio yake yakatua kwenye tope la bomba.

"Ebo! Ndiyo ungo gani huu?" Akamgeukia mama, aliyekuwa mlangoni amejishika kifua. "Mpagazi wee, hata uchawi hujui! Kabila zima halijui! Enyi watu, tumieni akili japo kidogo. Babu zao hawa walitembea kwa miguu toka hapa mpaka baharini, miezi na miezi, pembe begani, mabega yameota sugu kama visigino. Wangekuwa na ungo unaoruka wangetembea? Nani mwenye ndege anabeba mzigo kichwani? Wajinga nyie!"

Nusu ya foleni ile ni Wanyamwezi kama sisi. Wametukanwa wao, wametukaniwa babu zao, na aliyewatukana ni mtani, wafanye nini? Mwanamke aliyekuwa ameshika bomba ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka maji yakawa yanamwagika ovyo na hakuna anayejali ndoo imejaa ya nani. Mzee mmoja alijikalia chini kabisa, anajifuta macho, anarudia peke yake, "Wangetembea? Wangetembea?"

"Lete maandazi," bibi akamwamuru mama, yeye bado kwenye tope.

Mama akaleta beseni zima. Bibi akala la kwanza. Akala la pili. Akala matano mbele ya macho ya watu wote, anatafuna polepole, mafuta yanamtiririka kidevuni. "Nikifa leo," akasema, "mjue nimekufa kwa kuvimbiwa."

Tulimwinua mimi na mama, kila mmoja na mkono wake. Ndipo nikamsikia anamwambia mama kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Na hicho kifurushi kakifungue. Ukienda, mimi nitamtukana nani?"

Wa kwanza kuja barazani alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Mtoto wake alikuwa mgongoni, homa imekwisha kwa dawa za hospitali siku mbili nyuma, na kumbe yeye mwenyewe hakuwahi kumtaja mama kwa ubaya. Walioongea walikuwa wengine. Akachukua andazi, akamega, akala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, kisha akajifunika uso na kanga akalia mpaka mabega yakacheza. Nami nililia. Nashukuru hata sasa ninapoandika, nashukuru kwa kila kipande cha andazi kilichomezwa asubuhi ile.

Mchawi hatukurudishiwa. "Huyu mateka," bibi alisema. "Kikombozi chake jogoo." Jioni nikampelekea jogoo, akamla, na mchawi akabaki naye. Alimweka juu ya televisheni, amemfunga kipande cha kanga kiunoni, kwa sababu, alisema, mwanamume gani anavaa gauni bila kitu ndani. Duka la Dar liliponiuliza uchambuzi uko wapi, niliwaandikia kwamba sanamu imetekwa na mtani wa mama na mazungumzo yanaendelea. Hawakunitumia kitu kingine tena.

Hayo yana miaka sita. Kwa miaka hiyo sita hapakupita asubuhi mama hajaitwa mpagazi.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinaishia, bibi alifariki. Hakuugua sana. Ndugu zake walikuja kutoka Kisarawe, matanga yakajaa, na macho yote ya watu yakageukia nyumba yetu, kwa sababu msiba wa Mzaramo hapa Tabora ni sisi wenye kazi. Mtani halii kwanza. Mtani anawazuia wenye jeneza, anamsema marehemu, anaiga alivyotembea, anataka kikombozi, yaani kitu cha kumlipa ndipo apishe, mpaka wafiwa wacheke.

"Nenda wewe," mama akaniambia. "Mimi miguu."

Sikumbishia, ingawa nilijua si miguu. Nikachukua ungo mpya wa mama, nikaenda kuuweka kwenye kizingiti cha nyumba ya bibi wakati wanajiandaa kumtoa. Nikaukalia. Nikamwona mchawi mle ndani, juu ya televisheni, na kanga yake kiunoni. "Hatoki mtu hapa!" nikapiga kelele. "Huyu Mzaramo alikula jogoo wangu, na mateka hakurudisha..." Nikaishia hapo. Nikabaki nimekaa kwenye ungo nalia kama mtoto, na jeneza limesimama mbele yangu, wanaume wanatazamana.

Mkono ukanishika bega.

"Ondoka hapo," mama akasema. "Hujui kazi."

Nikasimama. Mama akakunja kanga zake, akashuka polepole, akakaa kwenye ungo. Mtaa mzima ulikuwapo: wale wa foleni, mama wa kufua, watoto wa shule. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko nilivyowahi kuyaona, ya moshi na ya kulia. Akayainua, akawatazama wote.

"Nani kasema huyu anatoka?" akauliza, na sauti yake ilifika barabarani. "Makalio yake yalivunja ungo wangu, leo anataka kuondoka bila kuaga? Na anakwendaje? Kwa miguu, kama mpagazi? Si alisema mwenye ndege hatembei? Mleteni hapa nimpakie!"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Binti wa marehemu alicheka mpaka akashikilia ukuta. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Mtoto mmoja wa shule alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba goti lake liligusa ungo. Shemeji wa marehemu akapenya katikati ya watu, akainama, akaweka nazi moja mapajani mwa mama. Ndicho kikombozi.

Mama akaigeuza ile nazi mkononi.

"Kumbe hazijaisha," akasema. Watu wakacheka tena, na yeye akacheka nao kidogo. Kisha akaligeukia jeneza. "Haya, umenishinda. Sasa mimi nani atanitukana?"

Aliinuka mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu, akauvuta ungo pembeni, akawapisha wapite.

Baada ya matanga binti yake aliturudishia mchawi. Yupo barazani sasa, kando ya beseni la maandazi, na kanga yake kiunoni. Mshono wa ndevu upo, jicho la nyuki lipo, fimbo haiwaki tangu betri ilipokufa. Asubuhi watoto wanapita na shikamoo zao, mama anaitikia mpaka anachoka. Nimemwambia nimebadilisha alama, nampa kumi kwa kumi. Mama anasema nimezidisha, mtani wake asingempa hata tatu. Kisha hunitazama, kama mtu anayengoja kutukanwa, na mimi siwezi, ni mama yangu.